Tofauti za Kimaeneo katika Upasuaji wa Kuondoa Kizazi kwa Maradhi Yasiyo ya Saratani: Mfano wa Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

1.0 Utangulizi

Upasuaji wa kuondoa kizazi ni miongoni mwa operesheni kubwa zinazofanywa kwa wingi kwa wanawake duniani. Sehemu kubwa ya operesheni hizo haitokani na saratani. Hutokana na maradhi kama vile uvimbe wa misuli ya kizazi, yaani fibroidi, hedhi nyingi na ya muda mrefu, maumivu sugu ya nyonga, na kushuka kwa kizazi. Maradhi haya humtesa mwanamke, humpunguzia damu na nguvu ya kazi, lakini kwa kawaida hayamuui kwa haraka. Kwa sababu hiyo, daktari na mgonjwa huwa na nafasi ya kuchagua kati ya kungoja, kutumia dawa, kuondoa uvimbe peke yake au kuondoa kizazi chote. Palipo na nafasi ya kuchagua, hapo ndipo tofauti za kimaeneo huzaliwa.

Makala hii inafafanua chanzo cha tofauti hizo na namna zinavyopaswa kusomwa katika mkoa wa Shinyanga na ukanda wa machimbo ya dhahabu wa Geita. Hoja yake kuu ni kwamba idadi ndogo ya operesheni katika wilaya fulani si ushahidi wa afya njema ya wanawake wa wilaya hiyo, na idadi kubwa si ushahidi wa matumizi mabaya ya kisu. Kabla ya kutoa hukumu yoyote, mtafiti hana budi kutenganisha mambo manne: mzigo wa maradhi, ufikiaji wa huduma, mwenendo wa uamuzi wa kitabibu, na namna ya kuhesabu.

Inafaa kubainisha mapema kwamba makala hii haihusu kuondolewa kizazi kwa dharura wakati wa kujifungua, kwa mfano kizazi kinapochanika au damu inapokataa kusimama. Operesheni hiyo hufanywa kuokoa maisha na haina nafasi ya hiari. Hata hivyo, katika mazingira ya uzazi mwingi inaweza kuchukua sehemu kubwa ya rejista ya chumba cha upasuaji. Mtafiti asiyeitenga atakuwa anapima ubora wa huduma za uzazi huku akidhani anapima tiba ya fibroidi.

2.0 Tofauti za kimaeneo katika tafiti zilizotangulia

Uchunguzi wa tofauti za aina hii una historia ndefu. Mwaka 1938, J. Alison Glover alionyesha kwamba watoto wa shule nchini Uingereza walikatwa tonsili kwa viwango vilivyopishana sana kati ya wilaya moja na nyingine, na kwamba mpishano huo haukuweza kuelezwa kwa hali ya hewa, umaskini wala wingi wa maradhi. Kilichobaki kama maelezo ni mtazamo wa madaktari wa mahali husika. Mwaka 1973, John Wennberg na Alan Gittelsohn walichapisha utafiti wao kuhusu jimbo la Vermont, Marekani, wakionyesha kwamba maeneo jirani yenye watu wanaofanana yalitofautiana sana katika viwango vya upasuaji. Baadaye Wennberg alieleza kwamba katika jimbo la Maine, uwezekano wa mwanamke kuwa ameondolewa kizazi afikapo umri wa miaka 70 ulikuwa asilimia 20 katika eneo la hospitali moja na asilimia 70 katika eneo la hospitali nyingine. Tofauti kubwa kiasi hicho haiwezi kuwa imetoka katika miili ya wanawake pekee.

Mfano wa India uko karibu zaidi na mazingira yetu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya familia wa mwaka 2015/16 uliwauliza wanawake wenyewe, na ukabaini kwamba asilimia 3.2 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wameondolewa kizazi. Katika jimbo la Andhra Pradesh kiwango kilikuwa asilimia 8.9. Takriban theluthi mbili ya operesheni hizo zilifanywa katika hospitali binafsi. Katika wilaya ya Beed, jimbo la Maharashtra, uchunguzi wa serikali ya jimbo wa mwaka 2019 uliwahoji takriban wanawake 82,000 wakata miwa wa msimu, na zaidi ya 13,000 kati yao walikuwa wameondolewa kizazi. Wakata miwa hao hulipwa kwa kazi iliyokamilika na hutozwa faini kwa siku waliyokosa kazini. Kwa mwanamke wa namna hiyo, hedhi nyingi si ugonjwa tu. Ni upotevu wa ujira pia, na kuondoa kizazi huonekana kama njia ya kumaliza tatizo mara moja.

Mfano wa Beed una umuhimu kwa ukanda wa Geita kwa sababu unaonyesha kwamba mfumo wa kazi unaweza kuingia katika uamuzi wa kitabibu bila kuandikwa popote katika jalada la mgonjwa.

3.0 Eneo linalohusika

Mkoa wa Geita ulianzishwa rasmi mwaka 2012, sambamba na Simiyu, Katavi na Njombe. Wilaya zake zilitoka katika mikoa mitatu: Geita na Nyang'hwale kutoka Mwanza, Chato kutoka Kagera, na Bukombe pamoja na Mbogwe kutoka Shinyanga. Wakati huohuo Shinyanga ilipoteza Bariadi, Maswa na Meatu, zilizoingia Simiyu. Kwa sensa ya mwaka 2022, Geita ilikuwa na watu wanaokaribia milioni 3 na Shinyanga zaidi ya milioni 2.2.

Uchumi wa eneo hili umesimama juu ya kilimo, mifugo na madini. Mwadui, iliyoko Kishapu, imechimbwa almasi tangu mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na upande wa Kahama kuna Bulyanhulu, pamoja na Buzwagi uliofungwa mwaka 2021. Pembezoni mwa migodi hiyo wamo wachimbaji wadogo katika maeneo kama Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu. Wanawake wengi hawashuki kwenye maduara. Hubeba mawe, huyaponda au huyapeleka kwenye karasha, huosha mchanga kwenye mwalo, huchenjua kwa zebaki, hununua marudio, na huuza chakula. Kazi hizo ni za kubeba mizigo na kuinama kutwa, na malipo yake hutegemea kazi ya siku hiyo.

4.0 Mzigo wa maradhi

Jambo la kwanza la kupima ni iwapo wanawake wa maeneo mawili wanaugua kwa kiwango kinacholingana. Hapa uzazi una nafasi ya pekee. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba wastani wa watoto kwa mwanamke nchini ulikuwa 5.2, ilhali katika Kanda ya Ziwa, yenye mikoa ya Shinyanga na Geita, ulikuwa 6.4. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha wastani wa kitaifa umeshuka hadi 4.8.

Uzazi mwingi huathiri maradhi ya kizazi kwa njia mbili zinazopingana. Kwanza, hupunguza uwezekano wa fibroidi. Mwanamke aliyezaa mara nyingi huwa na hatari ndogo ya kupata uvimbe huo kuliko asiyezaa au aliyechelewa kuzaa. Pili, huongeza uwezekano wa kushuka kwa kizazi, kwa kuwa misuli na kano za nyonga hulegea kwa kila uzazi, hasa uzazi wenye uchungu wa muda mrefu. Utafiti wa jamii uliofanyika mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2018 ulibaini kwamba asilimia 64.6 ya wanawake waliopimwa walikuwa na viungo vya nyonga vilivyoshuka kwa daraja la pili au zaidi. Kuzaa mara nyingi na kubeba mizigo mizito vilikuwa miongoni mwa vihatarishi.

Kutokana na hayo, tunatarajia sura ya maradhi katika Shinyanga na Geita isilingane na ile ya Dar es Salaam. Katika jiji lenye uzazi mdogo na ndoa za kuchelewa, fibroidi ndiyo inayotarajiwa kuongoza orodha ya sababu za operesheni. Katika vijiji vya Bukombe au Kishapu, na zaidi kwenye machimbo ambako mwanamke huinua mawe wiki chache baada ya kujifungua, kushuka kwa kizazi kunatarajiwa kuchukua nafasi kubwa zaidi. Kulinganisha jumla za operesheni bila kutenganisha sababu zake ni kulinganisha maradhi mawili tofauti kwa jina moja.

Kichocho nacho kinastahili kutajwa. Kichocho cha mkojo kimeenea katika maeneo ya bara ya Usukuma, ambako wanawake huchota maji na kufua kwenye malambo na kulima mpunga kwenye majaruba. Mayai ya vimelea yanapokwama katika mlango wa kizazi na uke, huleta damu isiyo ya kawaida, maumivu na vidonda vinavyoweza kudhaniwa kuwa maradhi ya zinaa au hata saratani. Ugonjwa huu hutibiwa kwa dawa ya prazikwanteli, ingawa makovu ya muda mrefu yanaweza kubaki. Mwanamke wa Shinyanga anayetokwa damu isiyoeleweka asipoulizwa kuhusu kichocho, hatari ya kuingizwa katika kundi la wanaohitaji upasuaji huwa kubwa pasipo sababu.

5.0 Ufikiaji wa huduma

Maradhi hayageuki kuwa operesheni mpaka mgonjwa afike mahali penye uchunguzi, daktari, dawa ya usingizi na damu ya akiba. Muundo wa rufaa huanzia zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa na ya kanda. Kwa eneo hili rufaa ya juu kwa miaka mingi imekuwa Bugando, jijini Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971. Baadaye imeongezwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Chato.

Katika miaka ya karibuni vituo vya afya vingi vimejengewa vyumba vya upasuaji. Lengo la vyumba hivyo ni dharura za uzazi, na lengo hilo limezaa matunda. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 81 ya waliojifungua walijifungulia katika vituo vya huduma, kutoka asilimia 63 mwaka 2015/16. Hata hivyo, chumba kilichojengwa kwa ajili ya mjamzito hakimhudumii moja kwa moja mwanamke wa miaka 45 mwenye hedhi ya siku kumi. Huyu si dharura, na kila akipangiwa siku, dharura humtangulia.

Malipo huongeza pengo hilo. Uchangiaji wa gharama ulianza mwaka 1993, na sera ya afya ya mwaka 2007 iliwasamehe malipo wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Mwanamke asiye mjamzito, aliye kati ya umri wa kuzaa na uzee, hayumo katika kundi lolote kati ya hayo. Kizazi chake kinapobeba mimba kinahudumiwa kwa msamaha. Kinapobeba uvimbe, gharama ni yake. Mfanyakazi wa kuajiriwa katika mgodi mkubwa, au mke wake, huwa na bima, ilhali mwanamke wa kwenye mwalo hutegemea fedha taslimu, kuuza mfugo au kuchangiwa na ndugu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inalenga kuziba pengo hili, na kipimo kimoja cha mafanikio yake kitakuwa iwapo maradhi ya wanawake yasiyo ya uzazi yamefikiwa.

Matokeo yake ni kwamba wilaya yenye operesheni chache inaweza kuwa ndiyo yenye mateso mengi. Mwanamke ambaye kizazi chake kimeshuka hujifunga kitambaa, huacha kubeba mizigo, hujitenga na mume, na huenda kwa mganga wa jadi. Hayumo katika rejista yoyote, na ukimya huo ndio unaosomeka katika takwimu kama kiwango cha chini.

6.0 Mwenendo wa uamuzi

Mgonjwa anapofika hospitalini, kinachofuata hutegemea vilivyopo. Penye madaktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, kipimo cha utrasaundi, sampuli za utando wa kizazi na maabara ya kuzichunguza, kuna ngazi za kupanda: dawa za kupunguza damu, kitanzi chenye homoni, upasuaji wa kuondoa fibroidi peke yake, au pete ya kuinua kizazi kilichoshuka. Pasipo na vifaa hivyo ngazi hizo hukatika, na daktari hubaki na mambo mawili: kumrudisha mgonjwa na vidonge vya kuongeza damu, au kuondoa kizazi. Kwa hiyo eneo lenye uhaba linaweza kuwa na operesheni chache kuliko zinazohitajika kwa wanawake wengi, na wakati huohuo operesheni za mapema mno kwa wachache waliofanikiwa kufika. Upungufu na uzidishaji vinaweza kukaa katika wilaya moja.

Namna hospitali inavyolipwa nayo ina uzito. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya hulipa kwa kila huduma iliyotolewa, hivyo operesheni huingiza mapato kuliko ushauri na kungoja. Tunapotaja hili hatumtuhumu mtoa huduma yeyote. Ni kanuni ya jumla iliyoonekana katika nchi nyingi, na ndiyo sababu aina ya mlipaji inapaswa kuandikwa katika kila uchambuzi.

Mwisho ni ridhaa. Katika jamii ya Wasukuma, kama katika jamii nyingi za Kitanzania, uzazi hubeba heshima ya mwanamke na uhusiano wa koo mbili zilizounganishwa kwa mahari. Kuondolewa kizazi kunaweza kumfanya mwanamke aogope kuachwa au kuletewa mke mwenza. Hofu hiyo huwachelewesha wengine mpaka damu imewaishia. Lakini kwa aliyekwisha kuzaa watoto saba na anayeishi kwa kazi ya siku, hoja inaweza kugeuka, akaomba mwenyewe kizazi kiondolewe ili arudi kazini. Katika hali zote mbili anastahili kuelezwa kwa lugha anayoielewa, Kisukuma ikibidi, kwamba fibroidi hunywea baada ya hedhi kukoma, na kwamba kuondoa ovari pamoja na kizazi kabla ya umri huo huleta ukomo wa hedhi wa ghafla pamoja na hatari kwa mifupa na moyo.

7.0 Namna ya kuhesabu

Hata pale maradhi, ufikiaji na uamuzi vinapolingana, hesabu yenyewe inaweza kuzaa tofauti. Tuchukulie wilaya mbili za kufikirika, A na B, kila moja ikiwa na wanawake 100,000 wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Wilaya A ina vijana wengi: 80,000 wako chini ya miaka 35 na 20,000 wamefikia au kuvuka umri huo. Wilaya B ina 60,000 na 40,000. Tuseme kiwango kwa mwaka ni sawa kila mahali, yaani operesheni 1 kwa kila wanawake 10,000 walio chini ya miaka 35 na operesheni 2 kwa kila wanawake 1,000 wa umri wa juu zaidi. Wilaya A itakuwa na operesheni 48 na B 86. Wilaya B itaonekana kuizidi A kwa karibu mara 1.8, ilhali hakuna tofauti yoyote ya kitabibu. Machimbo huvuta vijana, hivyo kosa hili linanyemelea kila ulinganisho wa Geita na wilaya za kilimo zenye watu wazima wengi.

Tuongeze kwamba hospitali yenye bingwa iko B, na kwamba wanawake 30 kati ya 48 wa A wamefanyiwa upasuaji huko. Rejista za hospitali zitaonyesha operesheni 18 kwa A na 116 kwa B, yaani tofauti inayozidi mara 6. Hivi ndivyo inavyoweza kutokea kati ya Mbogwe na Kahama, au kati ya Nyang'hwale na Mwanza. Taarifa za MTUHA hukusanywa kwa kituo kilichotoa huduma. Kwa hiyo kiwango cha wilaya hakina maana mpaka operesheni zirudishwe mahali mgonjwa anapoishi, na kwa wachimbaji wanaohama kutoka rashi moja kwenda nyingine, makazi hayo lazima yafafanuliwe kwa muda maalumu, mathalani miezi sita kabla ya upasuaji.

Mabadiliko ya mipaka ya mwaka 2012 yanaleta tatizo la tatu. Anayechora mwenendo wa Shinyanga tangu mwaka 2005 ataona idadi ikishuka ghafla baada ya mkoa kugawanywa. Suluhisho ni kuchambua kwa wilaya na halmashauri badala ya mkoa.

Tatizo la nne ni idadi ya wanaohesabiwa kuwa hatarini. Aliyekwisha kuondolewa kizazi hawezi kuondolewa tena, na anapaswa kutolewa katika kigawanyo. Aidha, madodoso ya tafiti za kitaifa za uzazi kwa muda mrefu yameweka kukoma hedhi na kuondolewa kizazi katika jibu moja, na yamewahoji wanawake hadi umri wa miaka 49 tu. Kutenganisha majibu hayo mawili, kama ilivyofanywa India, kungeleta faida kubwa kwa gharama ndogo.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala hii imeonyesha kwamba tofauti za kimaeneo katika kuondoa kizazi ni zao la mambo manne yanayofungamana. Katika Shinyanga na ukanda wa dhahabu, uzazi mwingi, kazi nzito na kichocho hubadilisha sura ya maradhi. Msamaha wa malipo uliojengwa juu ya ujauzito humwacha nje mwanamke asiye mjamzito. Uhaba wa tiba mbadala huielekeza tiba kwenye ncha mbili, ama kutotibiwa kabisa au kuondolewa kizazi. Rejista za vituo nazo huhamisha operesheni kutoka anakoishi mgonjwa kwenda alikotibiwa.

Yanapendekezwa mambo matatu. Kwanza, rejista ya chumba cha upasuaji iandike kwa kila aliyeondolewa kizazi umri, kata anakoishi, kazi, sababu ya upasuaji, tiba iliyotangulia, iwapo ovari zimebakizwa, majibu ya maabara na aina ya mlipaji. Pili, kila halmashauri ya ukanda huu ihakikishe kwamba utrasaundi, dawa za kupunguza hedhi, pete za kizazi na prazikwanteli vinapatikana kabla ya mgonjwa kufikiriwa kwa upasuaji. Mipango ya wajibu wa kampuni za madini kwa jamii, inayotakiwa kisheria tangu marekebisho ya mwaka 2017, ni mahali pazuri pa kuanzia. Tatu, watafiti wanaolinganisha wilaya wawatafute pia wanawake wasiofika hospitalini, kwa kuwapima kijijini na kwenye machimbo, kwa kuwa kiwango cha haki ni kile kinachowajumuisha wote wenye maradhi, wakiwemo wasiowahi kufika mlango wa chumba cha upasuaji.